Malipo ya kuandika juu ya karata za mtandaoni: Tuyapime kwa mizani ya Sheria



 

Kila tunapofika mlango wa biashara katika vitabu vya fiqhi, maswali ya vijana huwa hayamo kitabuni. Kitabu kinazungumzia tende kwa tende na ngano kwa ngano. Vijana wanauliza juu ya sarafu zisizoshikika na kazi ambazo wazazi wao hawazijui hata kwa jina. Baadhi ya masheikh wetu hulijibu suala la namna hii kwa neno moja, "haramu", wakaendelea na somo. Wengine husema "haya ni mambo ya dunia, nyinyi mnayajua zaidi". Majibu yote mawili yanamwacha kijana pale pale alipokuwa, naye ataendelea kufanya alilokuwa akifanya.

Suala lenyewe ni hili. Upo mchezo wa karata unaochezwa katika intaneti, unaitwa Splinterlands. Wapo vijana, tena Waislamu, wanaoandika makala juu ya mchezo huo na kulipwa. Je, malipo hayo ni halali?

Kanuni ya wanachuoni wetu ni kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Basi tulifahamu kwanza.

Mwaka 2016 Wamarekani wawili, Ned Scott na Dan Larimer, walianzisha mtandao wa Steem. Huo ulijengwa juu ya teknolojia ya blokicheni, yaani daftari la hesabu ambalo nakala zake zimetawanyika katika kompyuta nyingi, likawa halifutiki kwa amri ya mtu mmoja. Kilichoutofautisha mtandao huo ni kuwa mwenye kuandika makala hulipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe kulingana na kura za wasomaji. Mwaka 2018 Jesse Reich na Matthew Rosen walianzisha humo mchezo wa karata ulioitwa Steem Monsters, ambao baadaye ukaitwa Splinterlands. Mwanzoni mwa 2020 tajiri mmoja, Justin Sun, aliinunua kampuni iliyokuwa nyuma ya Steem. Watumiaji wengi walikataa kuwa chini yake, na tarehe 20 Machi 2020 wakajitenga na daftari lao jipya, Hive. Splinterlands nayo ikahamia huko.

Mchezaji hununua karata, na karata hizo ni mali yake. Anaweza kuziuza au kuzikodisha kwa mwenzake. Katika pambano hupewa dakika chache za kuchagua kikosi chake, kisha kompyuta inapambanisha vikosi viwili mpaka mmoja ushinde. Mwandishi naye huandika: nilichagua karata hii kwa sababu hii, nikashinda au nikashindwa. Hupigiwa kura kwa muda wa siku saba. Kisha malipo hugawanywa, nusu kwa mwandishi na nusu kwa waliompigia kura. Kwa makala ya mtu asiye na jina malipo huwa dola moja au mbili, pengine hata senti tupu. Lakini kwa kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hana ajira, makala tatu au nne kwa wiki si jambo la kuchezea.

Nani anayemlipa? Hapa vijana wengi hawana jibu, ilhali ndilo suala la kwanza ambalo Muislamu anatakiwa ajiulize. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametufahamisha kuwa mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama mpaka aulizwe, pamoja na mengine, mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Suala la kuchuma limetangulia.

Jibu ni kuwa hakuna mfuko wa mfadhili. Mtandao wenyewe huzalisha sarafu mpya kila siku, na asilimia 65 ya sarafu hizo hupelekwa kwa waandishi na wapiga kura. Kwa hiyo anayelipa kwa hakika ni kila mwenye sarafu hiyo, maana kila zinapoongezwa nyingine, thamani ya zile za mwanzo hupungua kidogo. Wameingia humo wakijua utaratibu huo na wameridhia. Pamoja na hayo, mchezo nao umekuwa ukiandaa mashindano ya kila wiki kwa waandishi na kuwapigia kura kwa akaunti yake.

Sasa tuje kwenye Sheria. Kuandika ni kazi, na asli ya kazi ni uhalali. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Bukhari, ametufundisha kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mikono yake, akamtolea mfano Nabii Daud (A.S.). Wanaosema kwamba malipo yasiyo na kiwango maalumu hayafai warejee Sura Yusuf, aya ya 72, pale palipotangazwa kuwa atakayekileta kikombe cha mfalme atapata shehena ya ngamia. Wanachuoni wengi wameichukua aya hiyo kuwa ni miongoni mwa dalili za ju'ala, yaani zawadi kwa atakayefanya kazi fulani, yeyote awaye. Kweli, katika ju'ala ya vitabuni zawadi hutajwa mapema, na hapa mwandishi hajui atapata kiasi gani. Lakini hajatoa chochote mfukoni ili apate. Akipata kidogo hakupoteza ila muda wake. Hilo halifanani na kamari, ambapo mtu huweka chake ili achukue cha mwenzake.

Kwa hiyo mimi sioni kuwa kalama yenyewe ni haramu. Wapo ndugu zangu wasomi watakaonipinga, nami nawakaribisha. Wasiwasi wangu uko mahali pengine, kwenye kile kinachoandikwa na kwenye mali ambayo mwandishi mwenyewe anayo.

Mwandishi wa mambo haya si mwandishi wa gazeti anayeripoti mechi ya Simba na Yanga. Yeye mwenyewe ana karata. Karata hizo zitapanda bei ikiwa watu wapya wataingia, na zitashuka wasipoingia. Ana sarafu, nazo ni hivyo hivyo. Wengi wao pia wana kiungo cha kualika, na yeyote anayejiunga kwa kiungo hicho na kununua, mwandishi hupata fungu lake. Mtu wa namna hiyo anapoandika kwamba mchezo huu ni fursa ambayo huwezi kuiacha ikupite, je, anashauri au anauza?

Mtume (S.A.W.) amekataza najash, katika hadithi ya Ibn Umar iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Najash ni mtu kusimama mnadani akapandisha bei ya bidhaa ambayo hana haja nayo, ili mnunuzi wa kweli adhani ina thamani kubwa. Kinachokatazwa si kupandisha tu. Kinachokatazwa ni kumhadaa mtu aamini kwamba kuna shauku ambayo haipo. Mwandishi anayesifu kitu kuliko anavyokijua, kwa sababu ana fungu katika kupanda kwake, anafanya najash kwa kalamu.

Tukumbuke pia lile rundo la nafaka sokoni Madina. Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake ndani akakuta unyevu, na mwenye mali akatoa udhuru kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akaelezwa kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Rundo la makala nalo lina juu na chini. Juu zimepangwa siku za ushindi na picha ya faida. Chini kuna miezi sita ya kununua karata ambazo leo haziuziki kwa nusu ya bei yake. Mwandishi Muislamu anatakiwa auweke unyevu juu. Aseme nina karata kadhaa za mchezo huu, aseme nitafaidika ukijiunga kwa kiungo hiki, aseme nimetumia kiasi hiki na nimerudisha kiasi hiki. Akifanya hivyo na bado akapata kura, alhamdulillah. Akiona kwamba kusema kweli kutamkosesha kura, basi amekwisha jua alikuwa akilipwa kwa ajili ya nini.

Na kweli yenyewe ni nzito. Mchezo mwingine wa aina hii, Axie Infinity wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, ulikuwa gumzo Ufilipino mwaka 2021, pale watu waliokuwa wamekosa kazi kwa sababu ya Korona walipoufanya ajira. Sarafu waliyolipwa ilivuka senti 30 za Marekani katikati ya mwaka huo. Mwaka uliofuata ilikuwa chini ya senti moja, na Machi 2022 wezi wakaingia katika daftari lao wakaondoka na mali ya zaidi ya dola milioni 600. Hatusemi kuwa ni wizi wa waanzilishi. Tunasema kwamba kabla ya hapo maelfu ya makala na video zilikuwa zimekwisha waambia maskini kwamba hapa ndipo pa kutokea. Nani atajibu kwa ajili ya makala hizo? Kwetu sisi tuliyaona ya upatu wa DECI mwaka 2009, na sehemu kubwa ya waliowaingiza watu humo hawakuwa matapeli. Walikuwa majirani wakweli waliosema wasiyoyajua.

Kwenye kura nako pana mtihani. Katika mitandao hii kura ya mwenye sarafu nyingi ina uzito kuliko kura ya mamia ya maskini. Ndiyo maana, hasa kati ya 2017 na 2019 huko Steem, zilizuka programu za kuuza kura. Unalipa, unapigiwa kura, makala yako inapanda juu kana kwamba watu wameipenda. Wengine hukubaliana: nipigie nikupigie, hata kama hakuna aliyesoma cha mwenzake. Kura hapa ni ushahidi kwamba kazi hii ni nzuri. Ushahidi wa kununuliwa tunaujua jina lake. Na anayenakili makala ya mtu, au kuiachia mashine imwandikie pambano ambalo hakulicheza, kisha akaweka jina lake na kupokea malipo, huyo hana haja ya kumuuliza ustadhi.

Tuje sasa kwenye karata zenyewe, maana mwandishi hawezi kuandika bila kucheza, na hawezi kuchezea mapambano yenye malipo bila kuwa na karata.

Karata mpya huuzwa katika pakiti zilizofungwa. Ndani ya pakiti mna karata tano, na muuzaji anaahidi kuwa angalau moja si ya daraja la chini kabisa. Zaidi ya hapo hujui. Pengine utapata karata za senti chache, pengine utapata karata adimu ya mamia ya dola. Wote mmelipa bei moja.

Ndugu msomaji, mtu akiniambia kuwa jambo hili ni geni na halimo katika Sunna, nitamwomba afungue Sahih Muslim, hadithi ya Abu Huraira (R.A.), ambamo Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya kijiwe na biashara ya gharar. Biashara ya kijiwe wanachuoni wameieleza hivi: muuzaji anatandaza nguo zake, mnunuzi anatoa pesa kisha anarusha kijiwe, na nguo kitakayoiangukia ndiyo yake. Inaweza kuwa joho, inaweza kuwa tambara. Bei moja, bidhaa haijulikani, na kilichouzwa kwa hakika ni ile nafasi ya kubahatisha. Pakiti ya karata ina tofauti gani na hiyo? Kompyuta ndiyo inarusha kijiwe kwa niaba yako, basi.

Kijana mmoja alinijibu kwa hoja, na napenda vijana wenye hoja. Alisema, "Ustadhi, mbona mtoto ananunua biskuti yenye zawadi ndani asiyoijua, na hatusemi ni kamari?" Nikamwambia mtoto yule amenunua biskuti, na biskuti anaiona na thamani yake anaijua. Ile zawadi ikikosekana bado anakula. Lakini hebu niambie, nani anayenunua pakiti hizi kwa ajili ya zile karata nne za senti chache? Akacheka, wala hakunijibu.

Hukumu ni tofauti kwa anayenunua karata moja moja sokoni. Hapo anaiona, anaijua nguvu yake, anaijua bei yake, na anaimiliki. Gharar ile imeondoka. Kukodi karata kwa muda maalumu na bei maalumu nako kunafuata mlango wa ijara. Lakini mashindano ambayo kila mchezaji analipa kiingilio na zawadi ikatoka katika viingilio hivyo, hayo ni maysir iliyokatazwa katika Suratul-Maida, aya ya 90 na 91, na kuyaita mashindano ya akili hakubadilishi kitu.

Je, mchezo wenyewe ni kama nard, yaani dadu, iliyokemewa vikali katika Sahih Muslim, au ni kama sataranji, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafi ni makruhu ikiwa haikuambatana na haramu? Kwa vile mchezaji huchagua kikosi kwa kufikiri, nauona uko karibu na sataranji kuliko dadu. Lakini makruhu si sifa ya kujivunia, na mchezo umejaa mazimwi na vitabu vya uganga ambavyo sitaki viwe hadithi za kulalia za watoto wetu.

Jambo jingine ni riba, na hili limejificha. Sehemu ya malipo ya mwandishi wa Hive huja kwa sarafu iliyofungamanishwa na dola, iitwayo HBD. Mtandao humshawishi aiweke akiba humo kwa nyongeza, na mwaka 2022 nyongeza hiyo ilifika asilimia 20 kwa mwaka. Vijana wengine wanaiita zawadi ya subira. Pesa kuzaa pesa kwa kukaa tu, kwa kiwango kilichotangazwa, ni riba hata ikiwa hakuna benki wala karani mwenye tai. Apokee malipo yake, ayatoe, asiyaache yakazaa.

Kuhusu sarafu zenyewe wanachuoni hawajakubaliana. Sheikh Shawki Allam, alipokuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwanzoni mwa 2018 ya kuikataza Bitcoin. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza Novemba 2021 kuzitumia sarafu hizi kama fedha. Baraza la Sheria la Tume ya Mitaji ya Malaysia, kinyume chake, liliruhusu mwaka 2020 kuzifanyia biashara kwa masharti. Hapa kwetu Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kuwa matumizi yake hayatambuliwi, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 kwa malipo ya mali za kidijitali. Mimi si mufti. Kwa anayelipwa kwa kazi na akabadilisha mara moja kuwa shilingi, naona wepesi. Kwa anayekaa akisubiri ipande, sioni.

Mama yetu mmoja alinisimamisha baada ya darsa la akina mama. Mwanawe ni mhitimu asiye na ajira, na kwa pesa za uandishi huu amemnunulia jiko la gesi na mtungi wake. Akauliza, "Mwanangu, miaka yote nimepika kwa mkaa na kifua changu unakijua. Sasa nimesikia pesa zile ni za karata. Jiko nilirudishe? Na hiki nilichokwisha pika na kuwalisha wajukuu kina hukumu gani?"

Suala lile lilinikosesha usingizi kuliko mabishano yote ya vijana, kwa sababu yule mama alikuwa tayari kweli kurudi kwenye mkaa. Nikamwambia, mama, usirudishe. Mwanao nimemuuliza mbele ya baba yake mdogo, akanionesha hesabu zake. Jiko limetokana na makala, na makala alizoandika nimezisoma. Anataja hasara zake kama anavyotaja faida. Kula na uwalishe wajukuu. Zile pakiti ndizo nilizomkataza.

Kwa mwenye hali kama ya kijana huyu, aliyekwisha fungua pakiti na kuuza kilichotoka humo, utaratibu wa toba ni huu: aache, ajute, aazimie kutorejea. Kile alichotoa mfukoni mwake ni mtaji wake. Kilichozidi akitoe kwa mafakiri kwa nia ya kujitakasa, asitarajie thawabu ya sadaka. Asijijengee nacho msikiti akaandikwa jina.

Na zaka? Sarafu alizolipwa ni mali. Hata zile zilizofungwa katika mtandao, ambazo akitaka kuzitoa huja kidogo kidogo kwa wiki 13, bado ni zake. Zikifikia pamoja na fedha zake nyingine thamani ya gramu 85 za dhahabu na zikapitiwa na mwaka, atoe asilimia mbili na nusu kwa bei ya siku ile ya kutoa, hata kama mwaka jana zilikuwa na thamani mara kumi. Wallahu a'lam.